Mama yangu aliambia robot ya hospitali ugonjwa wake, akarudi nyumbani kungoja simu

Wakuu, salamu kutoka huku kwa baridi.

Mimi huwa nasoma tu za wenzangu hapa na kupita kimya kimya, lakini hii imenikaa kwa koo miezi kadhaa sasa. Ilinitokea mimi mwenyewe, si ya jirani wala ya binamu ya mtu. Majina nimebadilisha na hospitali sitaitaja. Mengine yote yako vile yalivyokuwa, hata yale yanayonitia aibu.

Mimi ni nurse. Kazi nimefanya miaka kumi na minne, na saba za mwisho niko kwa hospitali moja ya private hapa Nyeri. Nakaa Ruring'u, na mvua isiponyesha naenda kazini kwa miguu.

Niko triage. Yaani mgonjwa akiingia, mimi ndiye wa kwanza kumpima pressure, joto na uzito, na kumuuliza kilichomleta.

Ama nilikuwa wa kwanza.

Mwaka jana administrator wetu, tumwite Bwana Kariuki, alienda conference fulani Nairobi akarudi na macho yanang'aa. Baada ya wiki chache pickup ikapaki nje, wakashusha sanduku kubwa kama friji. Ndani kulikuwa na robot.

Kimo chake ni kama mtoto wa darasa la tatu. Nyeupe, badge ya hospitali kifuani, magurudumu chini, na pale pa uso kuna skrini yenye macho mawili makubwa yanayopepesa. Ukiongea, inainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayekusikiliza sana.

Iliitwa Neema.

Neema iliwekwa pale mlangoni. Ukiingia inakusalimia kwa Kiswahili, ama Kizungu, ama kwa Kikuyu cha kubahatisha kilichofanya wazee wacheke mpaka machozi. Inakuuliza jina na namba ya kadi yako, inakuuliza unajisikiaje leo, halafu inakuelekeza uende dirisha gani. Kazi yake ilikuwa hiyo tu. Kukaribisha watu.

Kwa kuwa Neema amekuja, wale wasichana wawili wa reception wakabaki mmoja. Huyo mwingine aliambiwa asubiri aitwe. Bado anasubiri.

Sasa wakuu, ngoja niwaambie vile watu walivyoipenda hiyo kitu.

Kulikuwa na mzee mmoja wa Mweiga, mtu mpole, alikuja Jumanne kuona daktari wa meno. Nikamwambia, mzee, daktari wa meno alibadilisha siku, sasa anakuja Alhamisi. Mzee akaniangalia. Akageuka pole pole, akarudi mlangoni, akamuuliza Neema.

Neema akasema daktari wa meno anapatikana Jumanne.

Hakuna mtu alikuwa amembadilishia ratiba, basi. Nikamweleza mzee hivyo, kwamba hiyo mashine haijui, imeambiwa tu mambo ya zamani. Mzee akaniangalia vile mtu anaangalia mwizi aliyeshikwa na kuku kwapani. Akakaa kwa benchi. Alikaa kutoka saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana, shavu limefura, akingoja daktari ambaye alikuwa kazini kwake Nanyuki. Kila nikipita ananigeuzia uso.

Alipochoka akaenda zake, na njiani kutoka akaaga Neema. Mimi hakuniaga.

Hiyo ni siku moja tu. Nilikuwa nikimwambia mtu aende lab, anauliza Neema kwanza. Nikisema chanjo zimeisha, wanauliza Neema. Mama mmoja alinieleza wazi kwamba mimi naweza kuwa nimechoka ama nina ubaguzi, lakini mashine haina sababu ya kudanganya. Nikamuuliza na kama imekosea tu? Akasema, kwani ingewekwa hospitali kama inakosea?

Nilikuwa narudi nyumbani kichwa kinaniuma.

Halafu Bwana Kariuki akaniita ofisini. Akasema kila jioni Neema anatuma email yenye report ya mazungumzo yote ya siku, na kwamba yeye kama administrator amependekeza mimi niwe nikiipitia kila asubuhi, kwa sababu niko triage na nina uzoefu. Dakika tano tu, akasema.

Wakuu, nilichemka. Tumebaki nurse wawili kwa watu wote hao, msichana wa reception amefukuzwa kwa njia ya adabu, na sasa nianze kusoma barua za robot? Nikamwambia sawa. Kisha nikaenda kwa simu nikatengeneza folder, nikaiita Neema, nikaset email zake zote ziende humo moja kwa moja bila kunisumbua.

Sikufungua hata moja.

Si kwamba nilisahau. Nilikataa. Nilikuwa nikiona ile namba ya email ambazo hazijasomwa ikipanda, ishirini, arobaini, na moyoni nasikia raha kidogo. Kwamba mwataka robot, basi ongeeni naye.

Shikeni hapo, sasa niwajulishe mamangu.

Mamangu ana miaka sitini na nane. Anauza nyanya soko la Kagio tangu nikiwa mtoto, na nyanya hizo ndizo zilinisomesha. Ni mjane. Kwa kanisa ni mwenyekiti wa akina mama, ni mtu wa kusimama wima na kuongea wengine wakinyamaza. Mimi ni msichana wake wa pili, kwa hivyo kwa desturi yetu nilipewa jina la mama yake. Na kwa sababu hiyo haniiti kwa jina. Ananiita maitu, yaani mama.

Ana pressure. Kila mwezi anapanda gari kutoka Kagio anakuja kwetu kupimwa, kwa sababu mimi niko hapo, na anakuja na nyanya za madaktari wote kwa karatasi.

Mara ya kwanza alipokutana na Neema alimsalimia kwa mkono. Robot haina mkono wa kushikika, akaishika begani. Wakaongea. Kutoka dirisha langu nilimwona ameinama, anaongea pole pole, na hiyo kitu imeinamisha kichwa. Nikacheka. Nikamwambia Sister Gathoni, yule tunafanya naye kazi, ona mama amepata rafiki.

Alipofika kwangu nilimpima, nikamuuliza kama kuna shida nyingine. Akasema hakuna. Nilikuwa na watu kumi na tano nyuma yake.

Mwezi uliofuata, vile vile. Akaongea na Neema, safari hii kwa muda mrefu mpaka watu wakaanza kukohoa. Akaja kwangu. Mum, kuna shida nyingine? Hakuna, maitu.

Mwezi wa tatu alipokuja, pressure ilikuwa imeshuka kuliko kawaida yake. Nilifurahi sana. Nikamwambia unaona, dawa sasa inafanya kazi. Nilishika mkono wake nikamfunga ile mashine, nikamfungua, nikampa kadi yake. Kiganja sikukiangalia.

Nurse wa miaka kumi na minne.

Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu na mama mmoja wanauza naye sokoni, Mama Muthoni. Akaniambia mamangu amekaa chini katikati ya makreti na hawezi kusimama, na anakataa kupelekwa popote. Niliomba ruhusa, nikatoka na uniform yangu, nikachukua gari mpaka Karatina na lingine mpaka Kagio.

Nilimkuta amekalia kreti lililogeuzwa, amejifunga leso mbili kiunoni juu ya sketi nyeusi. Jua lilikuwa kali na yeye alikuwa anatetemeka. Nikashika mkono wake, na sasa nikakiangalia kiganja. Kilikuwa cheupe kama karatasi. Nikamvuta jicho chini kidogo, na ndani hakukuwa na wekundu.

Nikamuuliza damu inatoka wapi.

Akatazama Mama Muthoni, na yule mama akaelewa akasogea kando. Hata hapo mamangu hakusema inatoka wapi. Akasema tu niache kusumbuka, kwamba hiyo maneno inashughulikiwa.

Nikamuuliza inashughulikiwa na nani?

"Nilishaambia hospitali," akasema. "Nangoja wanipigie."

Nikauliza hospitali gani, na akaniangalia kama mimi ndiye nimechanganyikiwa.

"Si yenu? Niliambia Neema. Mara tatu. Na kila mara anasema ameandika."

Wakuu, kuna hasira inapanda na kuna ile inashuka. Hii ilishuka mpaka miguuni. Nilitaka kumpigia kelele mamangu, pale pale mbele ya soko zima. Msichana wako ni nurse, anakupima kwa mikono yake kila mwezi, anakuuliza kuna shida, unasema hakuna, na dakika mbili kabla umetoka kuambia mashine ya mlangoni!

Sikumpigia kelele. Nilitoa simu.

Nikafungua ile folder. Email zaidi ya themanini. Nikatafuta tarehe ya clinic yake ya kwanza, nikashuka mpaka nikaona jina lake na namba ya kadi.

Ilikuwa imeandikwa vizuri, wakuu. Haikukosea hata neno. Mteja amesema anatokwa na damu kwa muda wa wiki mbili. Amesema aliacha kuona siku zake zaidi ya miaka kumi na mitano iliyopita. Amesema anaogopa. Ameomba daktari aambiwe.

Chini yake kulikuwa na sehemu mbili za kujazwa. Hali ya mteja: ametulia. Ameridhika na huduma: ndiyo.

Nikafungua ya mwezi wa pili. Damu imezidi. Ameuliza kama daktari ameambiwa. Ametulia. Ndiyo.

Ya mwezi wa tatu. Anasikia kizunguzungu. Ameuliza watampigia lini. Ametulia. Ndiyo.

Na zote zilitumwa kwa nani? Kwangu. Kwa simu iliyokuwa mfukoni mwangu siku hizo zote tatu nikimfunga mashine ya pressure.

Kwa wale ambao si wa kazi hii: mwanamke aliyeacha siku zake akianza tena kutokwa na damu, hata tone, hiyo si ya kungoja. Inaweza kuwa kitu kidogo na inaweza kuwa kansa, na hakuna anayejua mpaka upimwe. Kila nurse anajua hivyo. Ningesoma ile email ya kwanza asubuhi yake, mamangu angekuwa kwa daktari siku hiyo hiyo.

Tulimpeleka hospitali kubwa, si yetu. Mama Muthoni alifunga kibanda chake akaja nasi. Damu ilikuwa imepungua kiasi kwamba daktari aliuliza mara mbili kama huyu mama aliingia akitembea. Akaongezwa pint mbili. Wakampiga scan, wakachukua kipande cha kupima, tukaambiwa tungoje majibu.

Kesho yake asubuhi nilienda kazini. Sister Gathoni alikuwa amenishikia zamu. Nikamweleza kila kitu, pamoja na ile folder. Sikutaka, lakini nilimweleza. Huyo dada haongei sana. Akasema tu, "Basi fungua zingine."

Tulikaa ile siku nzima kwa chumba cha dressing, kile cha kufunga vidonda, mmoja anahudumia watu, mwingine anasoma. Tukapokezana.

Sikuwa nimejua watu wanaongea hivyo. Nyingi zilikuwa za kawaida. Mtu kauliza choo, mtu kasifu maua, mtu kauliza nani atashinda uchaguzi. Yule mzee wa Mweiga alimweleza Neema habari ndefu ya ng'ombe wake kukataa kutoa maziwa, na Neema akamwambia pole.

Lakini katikati ya hizo kulikuwa na zingine.

Mwalimu wa Karatina aliyesema jicho moja linaona kama pazia limeshushwa. Msichana aliyesema ameacha dawa zake kwa sababu mume akiziona atamfukuza. Mama aliyesema mtoto wake hasikii na ameogopa kuuliza asionekane mjinga. Na mwanaume mmoja wa makamo aliyemwambia Neema maneno ambayo siwezi kuandika hapa, ya kuchoka kuishi. Alikuwa amekuja kwetu kutibiwa kikohozi. Alipewa dawa ya kikohozi, akaenda.

Wote Neema aliwajibu: asante kwa kuniambia, nimeandika.

Mnaelewa wakuu? Mtu akisikia hospitali imesema nimeandika, kwake hiyo ni file. Hiyo ni daktari. Anatoka pale amepumua, anajua kazi yake imeisha, sasa ni zamu ya hospitali. Hawakuwa wajinga. Ukimwambia mtu aliyevaa badge ya hospitali, amesimama mlango wa hospitali, amekuuliza namba ya kadi yako, unajisikiaje leo, na amekujibu nimeandika, ungefikiri nini?

Yule wa makamo Sister Gathoni alimpigia kwanza, namba tulitoa kwa file yake. Simu iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Mara ya tatu akashika. Alikuwa shambani, anapalilia. Waliongea zaidi ya nusu saa, na kesho yake akaja na dada yake, na mpaka leo anakuja kila wiki mbili kuona counsellor.

Mwalimu naye alikuja, lakini jicho lilikuwa limechelewa. Halitaona tena. Alinishukuru kwa kumpigia, na hiyo shukrani ndiyo inaniuma kuliko kama angenitukana.

Tulipeleka mambo kwa Bwana Kariuki. Sikujificha, nilimwambia folder ilikuwa yangu na sikufungua. Nilipewa barua ya onyo na nilistahili. Lakini nilimuuliza pia yeye, kama kazi ya dakika tano ingeokoa jicho la mtu, kwa nini ilipewa mtu mmoja aliyekataa, na hakuna aliyeuliza hata siku moja kama inafanywa?

Akaita kampuni. Wakatuma engineer, mama mmoja mstaarabu mwenye laptop, na mimi nikaitwa. Akatueleza kwamba Neema si kifaa cha matibabu, na kwamba hilo limeandikwa.

Nikamuuliza limeandikwa wapi.

Likawa limeandikwa mgongoni mwa robot. Kwa Kizungu. Herufi ndogo. Mahali ambapo unaweza kuliona tu kama umeshapita na ukageuka nyuma ukachuchumaa.

Engineer hakuwa mtu mbaya. Alikubali kwamba tatizo lao ni watu kuiamini kupita kiasi. Nikamwambia, dada, mmeipa macho, mkaipa sauti ya upole, mkaifundisha kuinamisha kichwa, na sasa mnashangaa imeaminiwa? Aliandika kitu kwa laptop, na hata mimi nikajikuta nimeridhika kwamba ameandika. Hiyo tu ilinifanya nitake kulia.

Siku hizi Neema ukimwambia unaumwa anakujibu: mimi si daktari na sitamwambia daktari, tafadhali mwambie nurse dirisha namba mbili. Na report zake tunasoma wawili, kila asubuhi, kabla ya chai.

Mnadhani watu wameacha? Hawajaacha. Anawaambia wazi mimi sitamwambia daktari, wanaitikia kwa kichwa, wanaendelea kumwelezea. Nikiwapigia kesho yake wanashangaa nimejuaje.

Turudi kwa mama.

Majibu yalitoka. Ilikuwa kansa, ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi. Daktari akasema bado haijatoka nje ya mfuko, na kwamba miezi michache mbele tungekuwa tunaongea lugha nyingine. Akapangiwa operesheni.

Mchana wa siku moja kabla ya operesheni nilikuwa naye wodini. Alikuwa amesukwa nywele na Mama Muthoni, ametulia, anakula ndizi. Mimi ndiye sikuwa nimetulia. Nilikuwa nimeapa sitauliza, na nikauliza. Mum, kwa nini uliambia hiyo mashine na hukuniambia mimi?

Alimaliza ndizi yake kwanza.

"Wewe ukiniuliza niko aje, umeshakasirika," akasema. "Si kwa ubaya. Uko na watu wengi. Naona uso yako naona nitakuongezea kazi. Hiyo kitu ilikuwa inaniangalia mpaka nimalize."

Nikachukua ganda la ndizi nikalitupa. Nilikuwa na majibu mengi na yote yalikuwa ya hasira, kwa hivyo yalikuwa yanamthibitishia.

Halafu akasema lingine, akiangalia dirishani.

"Na nilikupatia jina ya mama yangu. Nakuita mama kila siku. Sasa mtu anaanza aje kuambia mama yake anatokwa na damu?"

Wakuu, nilitoka nje nikasimama kwa veranda nikiangalia wagonjwa wakianika nguo. Miaka yote hiyo nilidhani mamangu ananificha mambo kwa kiburi. Kumbe alikuwa na aibu ya msichana mdogo mbele ya mama yake, na huyo mama nilikuwa mimi, nimeshika kalamu, namwambia mwingine aingie.

Operesheni ilienda vizuri. Alikaa kwangu Ruring'u wiki sita, akanikosoa mapishi, akanikosoa mapazia, akagombana na mwenye nyumba kuhusu maji mpaka maji yakarudi. Sasa yuko kwake Kagio. Kreti hainui tena, ameajiri mtu, na anamsimamia huyo mtu kama askari. Kila miezi mitatu anaenda kuangaliwa. Mpaka sasa ni safi.

Kwetu bado anakuja kwa pressure. Na ndiyo, bado anamsalimia Neema kwanza. Nilimuuliza mum, baada ya yote? Akasema Neema hakumkosea, aliandika. Waliokosea ni wa kusoma.

Sasa funzo, maana najua mtaniuliza.

Mimi simchukii tena robot. Nimechoka naye, lakini simchukii. Kitu kinachonitisha ni vile ilivyo rahisi kuaminiwa. Inatosha kutulia, kuangalia mtu usoni, na kumwacha amalize. Mashine imejifunza hivyo vitu vitatu tu, na watu wa Nyeri wakaifungulia mioyo. Sisi wenye dawa na sindano tulikuwa nyuma ya dirisha tunasema next.

Kama una mzazi na pale anapotibiwa kumewekwa kitu kama hicho, muulize ameiambia nini. Halafu umuulize tena nani mwingine amemwambia. Kusikilizwa si kutibiwa. Mzazi wako hajui tofauti, na kusema kweli hata mimi siku ile ya engineer sikuijua.

Na kama wewe ndiye unatumiwa hizo report, hata kama uliipinga hiyo mashine kwa haki yako yote, soma.

Jana asubuhi niko katikati ya foleni, simu ikaita, mama. Kwa kawaida namwambia nitakupigia. Nikamwachia Sister Gathoni foleni, nikaingia store nikashika simu. Akaniambia goti la kushoto linamuuma tangu Jumapili na ameona aniambie.

Aniambie mimi. Bila kuulizwa.

Goti lilichukua dakika mbili. Dakika zingine thelathini zilikuwa za bei ya nyanya na mke wa pastor, na sikumkatiza hata mara moja.

Nyinyi wenzangu, wazazi wenu wakiumwa wanaambia nani kwanza? Na wale mnaofanya kazi mahali kumewekwa hizi robot, kwenu nani anasoma zile report? Tupeni uzoefu hapo chini. Hata wa kunitukana karibuni, barua ya onyo nilishapata, nyinyi mtaongezea tu.